Hewa Isiyoonekana na Bei Yake

Katika Wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi, vijiji vinane vinavyopakana na msitu wa milima ya Ntakata hulipwa fedha kwa kitu ambacho hakuna mkazi aliyewahi kukitia machoni. Kinachouzwa ni hewa ukaa ambayo haikupanda angani kwa kuwa miti haikufyekwa. Mradi huo, ambao vijiji vinauendesha pamoja na kampuni ya Carbon Tanzania, umeleta madarasa, zahanati na ofisi za vijiji, na umewazoesha watu wa Mwese na Lugonesi maneno ambayo zamani yalikuwa ya wataalamu peke yao: tani, soko, uhakiki, kaboni.

Upande wa miti unaeleweka bila shida. Mpimaji anazungushia utepe shina la mti, mita 1.3 kutoka ardhini, anaandika kipimo, na hesabu inampa uzito wa mti na kiasi cha kaboni kilichomo. Tani moja ya kaboni ikiungua inatoa tani 3.67 za hewa ukaa, kwa sababu kila atomi ya kaboni inaondoka na atomi mbili za oksijeni. Mpaka hapo mwanakijiji na mhasibu wanaelewana. Kigumu ni kinachofuata. Hewa tunayovuta ina naitrojeni asilimia 78 na oksijeni asilimia 21. Hewa ukaa ni chembe zipatazo 420 tu katika kila chembe milioni. Mbona hakuna mnunuzi hata mmoja duniani anayelipia naitrojeni isipande angani?

Jibu linapatikana katika maabara ya kemia ya chuo kikuu, kwenye zoezi moja ambalo wanafunzi wa shahada ya kwanza hulifanya huku akili zao ziko kwenye ripoti ya kukabidhi Ijumaa. Mwanafunzi anaingiza gesi ndani ya bomba fupi, anaipitishia mionzi ya infraredi, na kompyuta inamchorea mstari wenye mabonde. Kila bonde linaonyesha mahali ambapo gesi imemeza mionzi. Mchoro huo huitwa spektra. Ukipima naitrojeni safi, mstari unabaki tambarare. Ukipima hewa ukaa, mstari unazama mahali pawili, na mazamio hayo mawili ndiyo mzizi wa biashara yote ya Ntakata.

Mionzi ya infraredi ni mwanga kama mwanga mwingine, ila jicho la binadamu halina uwezo wa kuipokea. Kila chenye joto huitoa: jiwe, ng'ombe, bati la nyumba, mwili wa msomaji wa makala hii. Mwaka 1800 William Herschel, mnajimu wa Uingereza, aliugawanya mwanga wa jua kwa prizimu, akaweka kipimajoto kwenye kila rangi, kisha akakisogeza kupita rangi nyekundu, mahali pasipo na rangi yoyote. Kipimajoto kikapanda. Watanzania wengi walikutana na matunda ya ugunduzi huo mwaka 2020, walipoelekezewa vipimajoto vya mkono kwenye paji la uso milangoni mwa hospitali na ofisi.

Baada ya Herschel, Mmarekani Eunice Foote alijaza gesi mbalimbali katika mitungi ya kioo, akaiweka juani, na mwaka 1856 akatangaza kwamba mtungi wa hewa ukaa ulipata joto kuliko mingine. Miaka mitatu baadaye, mjini London, John Tyndall alianza kazi iliyokuwa karibu kabisa na zoezi la leo. Alichukua bomba refu la shaba, akalijaza gesi, akaweka chanzo cha joto upande mmoja na kipimo upande wa pili. Oksijeni na naitrojeni zilipitisha joto kana kwamba bomba lilikuwa tupu. Mvuke wa maji na hewa ukaa zililizuia. Ncha za bomba hilo alizifunga kwa vipande vya chumvi ya mawe vilivyong'arishwa, kwa kuwa kioo cha kawaida huinyonya mionzi ya aina hiyo na chumvi huiachia ipite. Zaidi ya miaka 160 imepita, na bomba analopewa mwanafunzi wa leo bado mara nyingi lina madirisha ya chumvi.

Kwa nini gesi moja imeze na nyingine ipitishe? Atomi zilizoungana katika molekuli hazitulii. Zinavutana na kuachiana, zinapinda na kunyooka, kila molekuli kwa mwendo wake. Mtoto aliye kwenye bembea ukimsukuma kwa kufuata mwendo wake atapaa. Ukimsukuma ovyo, nguvu zako zinapotea. Mionzi ya infraredi nayo husukuma, na molekuli huipokea pale tu mdundo wa mionzi unapolingana na mdundo wa mtetemo wake. Ila kuna sharti moja zaidi: mtetemo huo lazima usogeze chaji za umeme zilizomo ndani ya molekuli, la sivyo mionzi haina pa kushika. Molekuli ya naitrojeni ni atomi mbili zinazofanana kabisa. Hata zikitetemeka namna gani, hakuna upande unaozidi kuwa chanya wala hasi. Oksijeni ni hivyo hivyo. Kwa hiyo asilimia 99 ya hewa kavu inayotuzunguka haiioni kabisa mionzi ya joto inayotoka ardhini.

Hewa ukaa ina atomi tatu zilizojipanga kwenye mstari mmoja: oksijeni, kaboni, oksijeni. Inaweza kutetemeka kwa namna nne. Katika namna ya kwanza oksijeni zote mbili zinatoka nje pamoja na kurudi pamoja. Hapo pande zote ziko sawa, mionzi haishiki. Katika namna ya pili upande mmoja unafupika wakati wa pili unarefuka, na hapo mionzi inashika barabara. Namna mbili zilizobaki ni za kupinda, moja kwenda juu na chini, nyingine mbele na nyuma, na kwa kuwa zina nguvu sawa zinaonekana kama bonde moja. Wanakemia huhesabu mawimbi yanayoenea katika sentimita moja: mtetemo wa kufupika na kurefuka unaangukia 2,349, ule wa kupinda 667.

Hiyo 667 iangaliwe vizuri. Ardhi yenye joto la kawaida hutoa mionzi mingi zaidi kwenye mawimbi yaliyo jirani nayo. Hewa ukaa imesimama karibu kabisa na mlango ambao joto la dunia hutokea kwenda angani. Gesi nyingine ingeweza kuwa nyingi mara elfu na isilete madhara yoyote kwa hali ya hewa. Hii, kwa chembe zake 420 katika milioni, inatosha kubadilisha hesabu ya joto la dunia nzima. Mvuke wa maji unafanya kazi hiyo hiyo kwa nguvu kubwa zaidi, na wakazi wa Mpanda, mkoani Katavi, wanaijua athari yake hata kama hawajaipa jina la kikemia: usiku wa kiangazi, mwezi Juni au Julai, mbingu ikiwa nyeupe na hewa kavu, baridi inauma kabla ya alfajiri; lakini usiku wa mawingu wakati wa mvua, joto la mchana linabaki karibu na ardhi mpaka asubuhi.

Katavi ina mifano mingine inayofaa kufundishia, na mmoja uko jirani tu. Katika bonde la Ziwa Rukwa, chemchemi za maji moto zinatoa mapovu ya gesi yenye heliamu. Habari hizo zilivuma duniani mwaka 2016, watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham walipotangaza pamoja na kampuni ya Helium One kwamba bonde hilo lina hazina kubwa ya gesi hiyo, na tangu hapo visima vimechimbwa huko Itumbula, mkoani Songwe. Sasa mwanafunzi apewe gesi ya chemchemi kama hizo, iliyokaushwa vizuri, aipime kwa infraredi. Atapata nini? Karibu hapana kitu. Heliamu ni atomi moja moja, haina mwenzake wa kutetemeka naye, na sehemu kubwa ya gesi inayobaki ni naitrojeni. Gesi yenye thamani kubwa kuliko zote ukanda huo inapita mbele ya mashine bila kuacha alama.

Mfano wa pili ni mzito zaidi. Wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Mpanda na Nsimbo, kama wenzao nchi nzima, hutumia zebaki kukamata dhahabu, kisha huichoma ili ipeperuke. Mvuke wa zebaki ni sumu, na wenyewe pia ni atomi moja moja. Spektromita ya infraredi haiwezi kuugundua. Huo hupimwa kwa mwanga wa urujuanimno. Mwanafunzi anayemaliza shahada ya kemia akidhani kwamba mashine moja inaona kila kitu ni hatari kazini, na njia nzuri ya kumwondolea dhana hiyo ni kumpa gesi ambazo mashine haizioni.

Basi zoezi lenyewe linafanywaje?

Mashine za siku hizi haziigawanyi mionzi kwa prizimu kama Herschel alivyofanya. Zinaigawa miale mara mbili, zinairudisha kwa vioo, kimoja kikiwa kinasogea mbele na nyuma, kisha kompyuta inafumbua mchanganyiko huo kwa hesabu iliyoanzishwa na Mfaransa Joseph Fourier, ambaye jina lake mashine hizo zinalibeba mpaka leo. Mwanafunzi huanza kwa kupima bila sampuli. Hatua hiyo huitwa kipimo cha msingi, na wengi huiona kama usumbufu wa kusubiri. Ni kosa. Katika kipimo hicho cha msingi, kabla hata gesi ya zoezi haijafunguliwa, hewa ya chumbani yenyewe inajichora: bonde la hewa ukaa pale 2,349, na msururu wa mistari ya mvuke wa maji pande zote mbili. Mwalimu aliye makini angesimama hapo nusu saa nzima.

Kisha mwanafunzi apulizie pumzi yake ndani ya bomba. Hewa tunayotoa kifuani ina hewa ukaa karibu asilimia 4, yaani takriban mara mia ya ile iliyo nje. Bonde la 2,349 linazama ghafla. Apime tena baada ya kukimbia kuzunguka jengo. Awashe kaa la mkaa nje, akusanye moshi, apime: juu ya hewa ukaa na mvuke wa maji, sasa kuna mabonde mawili yaliyojificha karibu na 2,143. Hiyo ni kaboni monoksaidi, gesi inayoua familia zinazolala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Haina rangi wala harufu. Mashine inaiona kwa sekunde chache. Methani, inayotoka kwenye madimbwi ya Hifadhi ya Katavi na kwenye matumbo ya ng'ombe wa wafugaji, inajitokeza karibu na 3,019 na 1,306.

Vitabu vingi vya mazoezi haviendi kwa mpangilio huo. Kitabu maarufu cha mazoezi ya kemia ya kifizikia kilichoandikwa na Shoemaker na Garland, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1962 na kutumika vyuo vingi duniani, kinampeleka mwanafunzi kwenye haidrojeni kloridi, na mila hiyo imeshika mizizi. Sababu yake ni nzuri. Haidrojeni kloridi ni gesi ya atomi mbili tu, hesabu zake zinakubali, na spektra yake ina uzuri ambao aliyeuona hausahau.

Gesi hiyo hutengenezwa kwa kudondoshea asidi ya salfuriki juu ya chumvi ya kawaida, ndani ya kabati linalonyonya hewa, mtu akiwa na miwani na glovu, kwa sababu inachoma macho na mapafu. Chumvi ya Uvinza, iliyokuwa ikichemshwa na kuuzwa katika ukanda wa magharibi kwa zaidi ya miaka 1,000 na ambayo bado inafika Mpanda kutoka kaskazini, ingefaa kabisa. Ikishaingizwa kwenye bomba la sentimita 10, gesi haitoi bonde moja pana. Inatoa mistari myembamba mingi, imejipanga kushoto na kulia, na katikati, pale karibu na 2,886, pana pengo.

Mistari hiyo inatokana na mzunguko. Molekuli ya gesi haikubanwa na jirani kama ilivyo katika kimiminika. Iko huru, inazunguka huku inatetemeka, na kanuni za kwanta haziiruhusu kuzunguka kwa kasi yoyote inayotaka. Kuna ngazi, na lazima ipande au ishuke ngazi moja inapomeza mwanga. Zinazopanda zinaandika mistari ya upande mmoja, zinazoshuka upande wa pili. Hakuna inayoruhusiwa kubaki ngazi ile ile, ndiyo maana katikati pana pengo. Nafasi kati ya mstari na mstari ni kama 21. Kutokana na namba hiyo moja, kwa kikokotoo cha kawaida, mwanafunzi anapata umbali kati ya haidrojeni na klorini: nanomita 0.127. Amepima urefu wa kitu ambacho hakuna rula wala hadubini ya shuleni ingeweza kukigusa, na jibu lake litalingana na la kitabu kwa tofauti ndogo sana.

Mashine ikiwa nzuri, kuna zawadi nyingine. Kila mstari, ukiukuza, umegawanyika kuwa miwili: mmoja mrefu, mmoja mfupi, umbali wa 2 hivi kati yao. Klorini ina isotopu mbili, ya uzito 35 na ya uzito 37, na ile nyepesi ni nyingi mara tatu kuliko nzito. Mwanafunzi aliyekariri tangu kidato cha tatu kwamba uzito wa atomi wa klorini ni 35.5 anaona kwa macho yake nusu hiyo inakotoka. Mashine ya bei nafuu, isiyoweza kutenganisha mawimbi yaliyo karibu kuliko 4, itampa mistari mikuu lakini haitaigawa.

Kwa hiyo hakuna anayesema haidrojeni kloridi iondolewe. Ila ikija ya kwanza, mwanafunzi anatoka maabara na namba 0.127 na hajui inamhusu nini. Pumzi na moshi vikitangulia, anajua mashine inaona nini na kwa nini, halafu hesabu za haidrojeni kloridi zinamkuta ameiva.

Ugumu wa kufundisha haya nchini ni wa vitendo. Spektromita inagharimu makumi ya mamilioni ya shilingi. Chuo kikiwa nayo, mara nyingi ni moja, na watafiti wa shahada za juu nao wanaisubiri. Darasa la wanafunzi wengi linaishia kusimama nyuma ya fundi mitambo, likitazama skrini. Madirisha ya chumvi nayo yana adui wake: unyevu. Yakiguswa na kidole chenye jasho, au yakiachwa wazi siku moja ya masika, yanakuwa na ukungu na baadaye yanaliwa. Kuna madirisha ya kalsiamu floridi yanayostahimili maji, lakini hayapitishi kitu chini ya 1,100 hivi, kwa hiyo yanafaa kwa haidrojeni kloridi na kwa bonde la 2,349, ila yanaficha lile la 667 ambalo ndilo lenye hadithi kubwa ya hali ya hewa. Umeme ukikatika katikati ya kipimo, kazi inaanza upya. Na mji wa Mpanda, uliokaa miaka mingi ukitegemea jenereta za dizeli, hauhitaji kuelezwa hilo.

Njia za mkato zipo, na baadhi ni rahisi kiasi cha kuchekesha. Kipande cha bomba la PVC kutoka duka la vifaa vya ujenzi, ncha zake zikafungwa kwa karatasi nyembamba ya nailoni na mipira ya kubania, ni bomba la gesi linalofanya kazi. Nailoni ya polithini ina mabonde yake karibu na 2,900, 1,460 na 720, lakini inaiacha 2,349 wazi, hivyo inatosha kwa pumzi na moshi. Haifai kwa haidrojeni kloridi, kwa kuwa bonde lake la kwanza linaangukia pale pale. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea tangu Juni 1, 2019. Nailoni za kufungashia vyakula zilibaki halali, na kipande cha ukubwa wa kiganja kinatosha.

Njia ya pili ni vitambuzi vidogo vya hewa ukaa, vinavyouzwa kwa bei ambayo shule inaweza kuimudu. Ndani yake kuna taa ndogo, mrija, kichujio kinachopitisha mionzi ya eneo la 2,349 peke yake, na kipokezi. Ni bomba la Tyndall lililofupishwa. Kitambuzi kinatoa namba moja tu, hakichori spektra, lakini mwanafunzi wa mchepuo wa PCB au PCM katika sekondari ya Mpanda anaweza kukaa nacho darasani na kuona hewa ukaa ikipanda kutoka 420 hadi kupita 1,000 madirisha yakifungwa. Njia ya tatu haina gharama zaidi ya bando. Hazina ya HITRAN, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1973 na sasa inatunzwa katika kituo cha unajimu cha Harvard na Smithsonian, ina mistari ya gesi kadhaa iliyopimwa kwa usahihi wa hali ya juu. Kujisajili ni bure. Taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, nayo imeweka wazi spektra za gesi nyingi kwenye tovuti yake. Mwanafunzi ambaye zamu yake kwenye mashine haijafika anaweza kuchukua data hizo na kufanya hesabu zote za umbali wa atomi akiwa bwenini.

Kwa kijana wa Katavi, kusomea kemia bado kunamaanisha kusafiri. Mkoa wenyewe ulitengwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kina kampasi ya Mizengo Pinda huko Mpimbwe, na ni hatua kubwa, lakini anayetaka shahada ya kemia hupanda basi, au treni ya Mpanda hadi Kaliua na kuendelea, kuelekea Dar es Salaam, Dodoma, Morogoro au Iringa. Sokoine hiyo hiyo, katika kampasi yake kuu ya Morogoro, ndiyo mwenyeji wa Kituo cha Taifa cha Kuratibu Kaboni, ambako hesabu za misitu kama Ntakata zinaishia. Msitu uko Katavi, daftari liko Morogoro, na anayeweza kuliunganisha daftari na msitu ni mtu aliyeelewa bonde la 667.

Kazi za namna hiyo zipo katika eneo zima. Juu ya Mlima Kenya, mita 3,678 kutoka usawa wa bahari, Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya ina kituo kinachopima hewa ya Afrika ya ikweta, na hewa ukaa na methani hupimwa humo kwa infraredi. Ni kazi ile ile aliyoianza Charles Keeling huko Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, alipokuta chembe kama 315 katika milioni. Pembezoni mwa Goma, mashariki mwa Kongo, hewa ukaa inayovuja kutoka ardhini chini ya volkano ya Nyiragongo hutuama kwenye mabonde. Wenyeji huita mahali hapo mazuku, na watu na mifugo hufa humo bila kusikia harufu yoyote. Kipimo kidogo cha infraredi mkononi ndicho kinachomwambia mtafiti kama aingie au arudi. Ng'ambo ya Ziwa Kivu, nchini Rwanda, mtambo wa KivuWatt umekuwa ukizalisha umeme kwa methani ya ziwa hilo tangu mwaka 2016, na kila shughuli ya gesi ya namna hiyo inahitaji watu wanaojua kusoma ni gesi gani inapita bombani na kwa kiasi gani.

Tanzania itahitaji watu hao kwa wingi. Biashara ya kaboni inapanuka, na vijiji vinavyoingia mikataba vina haki ya kuwa na vijana wao wanaoweza kumkalisha mnunuzi chini na kumuuliza maswali. Vyuo visisubiri mashine mpya. Mwalimu anayepanga ratiba ya maabara ya muhula ujao atenge kipindi kimoja, kabla ya haidrojeni kloridi, kwa pumzi ya wanafunzi wake na moshi wa kaa moja la mkaa. Na shule za sekondari za Mpanda ziombe kitambuzi kimoja cha hewa ukaa kwenye fedha za maabara za mwaka huu.